Bei ya Jumla: Kununua kwa Ushirika katika Shule za Kicukiro

Miongoni mwa maneno tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari hapa Kigali, yako mawili ambayo huyashika upesi kuliko mengine, nayo ni rejareja na jumla. Huyashika upesi kwa sababu maana yake wamekwisha kuiona kwa macho kabla ya kuisikia kwa masikio. Mtoto atumwaye dukani jioni kununua kikombe cha mafuta ya kupikia anajua, ingawa hakuna aliyemfundisha, kwamba lau mama yake angalikuwa na fedha za kununua dumu zima, angalipata mafuta mengi zaidi kwa kila faranga aitoayo. Aliye na fedha kidogo hununua rejareja, na anunuaye rejareja hulipa zaidi. Ndiyo kusema kwamba umaskini una gharama zake, na gharama hizo hulipwa kila siku, kikombe kwa kikombe.

Jambo tusilolitafakari sana ni kwamba shule nazo hununua. Hununua chaki na karatasi, kuni na sabuni, unga na maharagwe, vitabu na kamusi. Na shule moja, hata ikiwa na wanafunzi elfu moja, isimamapo peke yake mbele ya mfanyabiashara mkubwa haina tofauti kubwa na mtoto yule mwenye kikombe. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za kununua kwa ushirika, yaani shule nyingi kuunganisha haja zao na kununua kama mnunuzi mmoja. Faida zake, hatari zake, na sababu zinazonifanya niamini kwamba jambo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa lugha ana haja gani na magunia na mizani. Ninayo majibu mawili. La kwanza, kwa miaka kadhaa nimewakilisha walimu katika kamati inayoangalia chakula cha wanafunzi shuleni kwetu, na humo nimejifunza mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. La pili, somo letu lenyewe huishi au hufa kwa kununua. Mwalimu wa Kiswahili asiye na vitabu ni sawa na mvuvi asiye na nyavu: habari za bahari anazo nyingi, ila samaki hana.

Nianze na mahali penyewe. Kicukiro ni moja ya wilaya tatu za Jiji la Kigali, pamoja na Gasabo na Nyarugenge. Ina tarafa kumi, au imirenge kama tuziitavyo kwa Kinyarwanda. Baadhi yake, kama vile Gikondo na Niboye, ni mji mtupu. Nyingine, kama vile Masaka na Gahanga, bado zina mashamba na mabonde ya kulimwa. Kwa hiyo katika wilaya moja unaweza kumpata mzazi ambaye hajapata kushika jembe, na mzazi mwingine aishiye kwa maharagwe na viazi vitamu vyake. Watoto wa wote wawili huketi dawati moja, na saa sita mchana hula sufuria moja.

Sufuria hiyo ina historia yake. Mpango wa chakula cha mchana katika shule za sekondari za kutwa nchini Rwanda ulianza mwaka 2014. Mwaka 2021 mpango huo ukapanuliwa hadi kuwafikia watoto wa shule za chekechea na za msingi. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ikatangaza viwango vya mchango wa wazazi katika shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali: faranga 975 kwa muhula kwa mtoto wa shule ya msingi, na faranga 19,500 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Kwa shule za msingi hesabu iliyotumika ilikuwa ya faranga 150 kwa sahani moja: faranga 135 zikitoka serikalini na 15 kwa mzazi. Ukizidisha 15 kwa siku 65 za masomo, ndipo unapozipata zile 975.

Naomba msomaji asimame kidogo hapo. Faranga 150 kwa sahani moja! Mwenye kupanga chakula kwa kiasi hicho hana nafasi ya kuchezea hata faranga moja. Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000, na kila mmoja anapikiwa gramu 100 za unga wa mahindi. Kwa siku moja shule hiyo itahitaji kilo 100, na kwa muhula wa siku 65 itahitaji kilo 6,500. Ikiwa shule italipa faranga 10 zaidi kwa kila kilo, kisa tu imenunua peke yake, itakuwa imepoteza faranga 65,000 kwa muhula, nayo ni faranga moja kamili kwa kila sahani. Faranga moja si kitu mfukoni mwa mtu mzima. Lakini faranga 65,000 ni maharagwe, ni chumvi, ni mafuta, ni mboga. Wahenga waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, walikuwa wakimhimiza mwenye kuweka. Nasi twapaswa kukumbuka upande wa pili wa methali hiyo, kwamba haba na haba hukiondoa kibaba pia.

Kabla ya utaratibu wa sasa kila shule ilijitafutia. Kamati ilikwenda kwa wafanyabiashara watatu, ikaandikiwa bei tatu, ikachagua moja. Kwa nje utaratibu huo ulionekana wa haki. Siku moja, hata hivyo, sisi wajumbe wa kamati za shule chache zilizo jirani tulikutana kwa shughuli nyingine kabisa, na mmoja wetu akatoa wazo kwamba tuzilinganishe stakabadhi zetu. Tulizipanga mezani moja baada ya nyingine. Maharagwe ya aina moja, yaliyonunuliwa katika wiki moja, yalikuwa na bei tofauti kwa kila shule. Na shule ndogo kuliko zote, iliyo mbali na barabara ya lami, ndiyo iliyolipa zaidi. Hapakuwa na wizi wowote katika stakabadhi zile. Kila mfanyabiashara alikuwa ameandika bei ambayo shule ile, katika hali yake ile, iliweza kuipata. Ndipo nilipotambua kwamba upweke nao hutozwa kodi.

Kwa nini bei hushuka pale wanunuzi wanapoungana? Watu wengi hujibu kwamba muuzaji huogopa kumpoteza mteja mkubwa. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Kwanza, lori lililojaa hutumia mafuta karibu sawa na lori lililojaa nusu, na kwa hiyo gharama ya usafiri kwa kila gunia hupungua. Pili, muuzaji mwenye hakika ya kuuza tani nyingi kwa mwaka mzima huweza kununua wakati wa mavuno na kuweka ghalani. Hapa Rwanda maharagwe huvunwa zaidi kwa misimu miwili, mwanzoni mwa mwaka na katikati ya mwaka. Muhula wetu wa kwanza huanza Septemba na kuishia Desemba, kipindi ambacho mavuno ya katikati ya mwaka yanapungua na mapya hayajafika. Shule isiyo na ghala wala mkataba hulazimika kununua mwezi wa Novemba kwa bei ya Novemba. Tatu, kuandika zabuni moja, kupima sampuli moja na kukagua hesabu moja ni kazi ndogo kuliko kuyafanya hayo mara thelathini.

Utaratibu uliowekwa baada ya mpango wa chakula kupanuliwa ni wa kugawana kazi. Vyakula visivyoharibika upesi, kama vile mchele, unga, maharagwe na mafuta, hununuliwa kwa mkataba wa pamoja katika ngazi iliyo juu ya shule. Mkataba huo hupanga bei na ubora kwa muda fulani, kisha kila shule huagiza kwa kadiri ya haja yake. Mboga, matunda na vitu vingine vya kuharibika huachiwa shule yenyewe, inunue karibu. Binafsi naona kwamba mgawanyo huu una hekima, na sababu zake nitazieleza mbele.

Wazo la kununua kwa ushirika si geni. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi 28 walichanga fedha zao kidogo kidogo wakafungua duka lao wenyewe. Bidhaa zao za mwanzo zilikuwa chache mno: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Kiu yao ilikuwa kupata chakula safi kwa bei ya haki, kwani maduka ya wakati ule yalizoea kupunja vipimo na kuchanganya unga na takataka. Katika Afrika ya Mashariki ushirika ulijulikana zaidi kwa upande wa wauzaji. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kiliundwa mwaka 1933 ili Wachaga wauze kahawa yao kwa sauti moja. Hapa Rwanda tunalo neno ubudehe, ambalo asili yake ni desturi ya majirani kulima pamoja shamba la mmoja wao, kisha la mwingine. Tunalo pia ikimina, ambalo watu wa pwani wangeliita upatu. Na huko Marekani wilaya za shule za serikali zimezoea kujiunga katika mikataba ya pamoja na kununua kwayo vitu vya kila namna, kuanzia karatasi na madawati hadi mabasi.

Mfano ulio karibu zaidi nasi walimu ni ule wa vitabu nchini Kenya. Baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza mwaka 2003, shule zilipelekewa fedha, na kamati za shule zikachagua na kununua vitabu kutoka katika orodha iliyoidhinishwa. Uhuru wa kuchagua ulikuwa mkubwa, lakini malalamiko nayo yakawa mengi: vitabu vilipotea, fedha nyingine hazikufika kwenye vitabu, na wanafunzi kadhaa waliendelea kutumia kitabu kimoja. Kuanzia mwaka wa shule wa 2018 serikali iligeuza utaratibu, ikawa inanunua moja kwa moja kwa wachapishaji kwa idadi kubwa na kuvipeleka vitabu shuleni. Bei ya kila nakala ilishuka sana, na lengo likawa kila mwanafunzi na kitabu chake. Lakini wenye maduka ya vitabu katika miji midogo, ambao maisha yao yalitegemea biashara ya shule, waliumia. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wasifiao ununuzi wa pamoja mara nyingi huhesabu kilichookolewa, wakasahau kumhesabu aliyeachwa.

Hatari za kununua pamoja zipo, na mtu mwaminifu hana budi kuzitaja. Ya kwanza ni kwamba kamba moja ikibeba mizigo yote, siku itakapokatika yote itaanguka. Katika muhula mmoja mzabuni aliyepewa kazi ya kuleta unga alichelewa. Zamani shule moja ingalikosa unga na jirani ingaliiazima magunia mawili. Safari hii hapakuwa na wa kumwazima mwenzake, maana wote tulimngoja mtu yule yule. Kwa siku nne wapishi wetu walipika viazi vitamu vilivyonunuliwa Masaka kwa lile fungu la fedha ambalo shule hujinunulia yenyewe. Watoto walikula. Lakini niliyaona macho ya mwalimu mkuu asubuhi ya siku ya tatu alipokuwa akiizunguka bohari tupu, na sikuhitaji kuambiwa kwamba lau fungu lile lisingalikuwapo, watoto wangalirudi nyumbani saa sita, na baadhi yao wasingalirudi darasani alasiri. Ndiyo maana nasema kwamba mgawanyo wa kazi kati ya mkataba mkubwa na mkono mdogo wa shule ni wa hekima. Akiba haiwi ya nafaka tu. Uwezo wa kuamua nao ni akiba.

Hatari ya pili ni ya mkulima. Yuko mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alimaye maharagwe katika bonde la Masaka. Mtoto wake hula shuleni maharagwe yaliyosafirishwa kutoka mbali, ilhali magunia yake mwenyewe huuzwa kwa mchuuzi apitaye na pikipiki. Hawezi kuingia katika zabuni ya tani nyingi. Hana lori, hana hati, hana fedha za kungojea malipo. Akiniuliza kwa nini shule hainunui kwake, nimweleze nini? Jibu nililolipata baada ya kufikiri sana ni kwamba ushirika wa wanunuzi hauwezi kusimama kwa haki bila ya ushirika wa wauzaji. Mama yule peke yake ni rejareja. Mama yule pamoja na wenzake hamsini katika koperative yao ni jumla. Na zabuni yenyewe yaweza kugawanywa katika mafungu ambayo koperative ya wakulima wa tarafa moja inaweza kuyamudu. Pasipo hayo tutakuwa tumeondoa upweke wa shule na kuuhamishia kwa mkulima.

Hatari ya tatu ni ya ubora. Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Mwenye kushinda zabuni kwa bei ya chini kabisa hushawishika kuirudisha faida yake kwa kuleta mali hafifu. Na hapo ndipo ninapoomba walimu wenzangu wanisikilize, kwa maana hapo ndipo lugha inapoingia.

Zabuni ni nini, kama si maandishi? Wanunuzi thelathini hawawezi wote kwenda sokoni kuyashika maharagwe kwa vidole. Wanayashika kwa maneno. Nimewahi kuyaona maombi ya bei yaliyoandikwa maharagwe mazuri, na mengine yaliyoandikwa unga safi. Mazuri kwa nani? Safi kwa kipimo gani? Muuzaji akileta maharagwe ya msimu uliopita, yaliyokauka hata yanahitaji kuni za siku nzima kuiva, atasema ni mazuri, na hakuna neno katika karatasi la kumkanusha. Lakini ukiandika kwamba maharagwe yawe ya mavuno ya msimu huu, ya aina moja pasipo kuchanganywa, makavu, yasiyo na wadudu wala mawe, yaliyofungwa katika magunia ya kilo 50 yenye alama ya muuzaji, na kwamba gunia lolote lisilotimiza masharti haya litarudishwa kwa gharama ya muuzaji, umejenga ua ambao mjanja hawezi kuuruka. Sentensi iliyotungwa vizuri hulinda sahani ya mtoto kuliko kufuli la bohari.

Nimelifanya jambo hili kuwa zoezi la darasani. Huwagawa wanafunzi katika makundi mawili: kundi moja huandika tangazo la kununua maharagwe, na kundi la pili, ambalo ni la wafanyabiashara wajanja, hutafuta mwanya katika maneno yaliyoandikwa. Vijana hupenda mchezo huu mno. Hujifunza vivumishi, hujifunza vipimo, hujifunza hali ya masharti. Na zaidi ya hayo hujifunza kwamba neno legevu lina gharama. Hata msamiati wenyewe una mafunzo. Neno zabuni limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mteja. Kwa Kinyarwanda neno isoko humaanisha soko la kawaida na humaanisha pia zabuni ya serikali. Nao mfumo wa kompyuta ambao tangu mwaka 2017 taasisi za serikali hutangazia zabuni zao umepewa jina la Umucyo, yaani nuru. Mteja, soko na nuru: mtu akiyaweka maneno hayo matatu pamoja, amekwisha kupata somo zima juu ya ununuzi wa umma.

Kiswahili kina nafasi nyingine tena. Mchele na mahindi mengi huvuka mpaka wa Rusumo yakitoka Tanzania, na madereva na wafanyabiashara wa njia ile husemezana kwa Kiswahili. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mara nyingi tunapoieleza faida ya uamuzi huo kwa wanafunzi, tunataja mikutano mikubwa na vyeo vikubwa. Mimi huwaambia pia kwamba kijana awezaye kusoma ankara ya Kiswahili, kuandika barua ya kulalamikia magunia pungufu na kupatana bei pasipo mkalimani, ana kazi inayomngoja.

Sasa nije kwetu wenyewe. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 ulikipa Kiswahili nafasi katika sekondari ya chini, lakini vitabu vya ziada, hadithi fupi na kamusi hatukuvipata kwa wingi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, imekuwa katika shule nyingi ni nakala moja tu, nayo imefungiwa katika kabati la mwalimu kama dawa ya hatari. Ukiagiza nakala sita kutoka Dar es Salaam au Nairobi, gharama ya usafiri hukaribia bei ya kitabu. Kwa hiyo walimu wa Kiswahili wa shule kadhaa za Kicukiro tuliamua kuunganisha maagizo yetu.

Haikuwa kazi nyepesi. Yuko mzee mmoja mwenye duka dogo la vitabu na vifaa vya shule, ambaye kwa miaka mingi ametukopesha madaftari na kalamu mwanzoni mwa mwaka, fedha za shule zikiwa bado hazijafika. Dada mmoja anayefundisha upande wa Gahanga alisimama akasema kwamba tukiagiza moja kwa moja kwa wachapishaji tutakuwa tumemtupa mtu aliyetubeba. Mwalimu mwingine akajibu kwamba hatuwezi kuwanyima watoto kamusi kwa ajili ya kumfadhili mwenye duka. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe marefu. Hatimaye tulipatana kwamba kamusi na hadithi tutaziagiza pamoja, madaftari na kalamu tutaendelea kununua kwa mzee, na vifurushi vitapokelewa dukani kwake kwa ujira mdogo, kwa kuwa yeye ana ghala na sisi hatuna. Tulipompelekea habari hiyo alitusikiliza kwa utulivu, kisha akasema, "Walimu wangu, mmejifunza kununua pamoja. Vema. Sasa jifunzeni na kulipa pamoja, tena kwa wakati." Hapana aliyecheka. Alikuwa ametukumbusha kwamba bei ya juu tunayoilalamikia huwa ndani yake mna miezi ambayo muuzaji amengojea haki yake.

Vitabu vilikuja. Shule iliyohitaji nakala sita ilizipata kwa bei ile ile ya shule iliyohitaji sitini. Kwangu mimi jambo hilo ndilo lenye uzito kuliko jumla ya faranga zilizookolewa, kwa maana mtoto wa shule ndogo hakuchagua udogo wa shule yake.

Kutokana na hayo yote ningependa kuwaletea wanachama wenzangu mapendekezo manne. Kwanza, katika kila wilaya walimu wa Kiswahili waandike mwanzoni mwa mwaka orodha moja ya vitabu vinavyohitajiwa, shule kwa shule, kabla mtu yeyote hajaagiza. Pili, daftari la hesabu liwe wazi kwa kila aliyechangia, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na ushirika uliovunjika kwa kukosa hesabu huwa mgumu kuuunga tena. Tatu, katika kila uamuzi shule ndogo iwe na kura sawa na shule kubwa. Mwenye kununua nakala sitini asiwe na sauti mara kumi. Nne, walimu wa lugha wasikatae wanapoitwa katika kamati za ununuzi za shule zao kwa kudhani kwamba hiyo ni kazi ya wahasibu. Mhasibu atakwambia gunia limegharimu kiasi gani. Mwenye kujua maneno ndiye atakayeeleza gunia hilo lilipaswa kuwa na nini ndani yake.

Wanyarwanda husema abishyize hamwe ntakibananira, maana yake, waliojiunga pamoja hakuna kinachowashinda. Methali hiyo ni nzuri, nami naipenda. Ila ningeongeza kwamba kujiunga hakutoshi mpaka tuwe tumekubaliana kipimo, tumekiandika kwa maneno yasiyo na mwanya, na tumetazama nyuma kuona ni nani aliyebaki nje ya mlango. Wanachama wa wilaya nyingine waliokwisha kujaribu njia kama hii wangetufaa sana kwa kuandika katika taarifa hii jinsi walivyofanya, hasa namna walivyogawa gharama ya usafiri kati ya shule za mjini na zile za mbali, maana hilo sisi bado tunalijadili.